Mimi, Perez na Kiti cha Mkuu wa Maneno

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika mapema kuliko kila mtu, hata kuliko mlinzi, na mlinzi alikuwa analala pale pale. Nilivaa suti niliyooa nayo, na suruali nilikuwa nimeipiga pasi mpaka mkunjo wake ungeweza kukata mkate. Ofisi ilikuwa ghorofani, mjini Migori, juu ya duka la saruji na mabati. Ukipanda zile ngazi ulifika juu umepakwa vumbi la saruji hadi kwenye nyusi. Kwa hiyo aliyegonga mlango wa Mkurugenzi asubuhi ile hakuwa Zedekia wa ngumbaru tena. Alikuwa sanamu ya Zedekia.

Mkurugenzi alikuwa Mwislamu kutoka Mombasa. Duka la chini lilikuwa la baba yake; yeye alichoka kuuza misumari akaanzisha huduma ya matangazo kwa simu. Mwenye samaki, mahindi au ng'ombe aliandika tangazo lake, mwenye kutaka aliandika neno, na mtambo wa kutafuta ukawakutanisha. Ndivyo ilivyotakiwa iwe.

"Kompyuta umesomea wapi, bwana?" akaniuliza.

"Ngumbaru, Mkurugenzi. Shule ya jioni."

"Kwani ngumbaru wana kompyuta?"

"Walikuwa nayo moja. Tulikuwa watu wengi kuliko vitufe vyake."

Alicheka mpaka akashika meza. Kisha akanigeuzia kioo cha kompyuta yake. "Haya, andika hapo *dagaa*." Nikaandika. Mtambo ukasema hakuna kitu. "Sasa andika *omena*." Kioo kikajaa matangazo, juu mpaka chini, kama samaki wenyewe walioanikwa.

"Umeona msiba wangu?" akasema. "Muuzaji wa Muhuru Bay amezoea wateja wa upande wa Tanzania, kwake huyu ni dagaa. Wa Homa Bay kwake ni omena. Samaki ni mmoja, ziwa ni moja, na mtambo wangu umekaa katikati kama bubu. Kazi yako ni kuwatambulisha hawa watu, ndugu yangu."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa Karani wa Maneno, na naapa hapakuwa na mwingine kutoka Kisii hadi Isebania.

Ninyi vijana mkiandika neno kwenye simu na majibu yakaja, mnadhani mtambo umezunguka dunia nzima kuyatafuta. Wapi! Mtambo ni mvivu. Hausomi matangazo yote kila unapouliza. Umeshayasoma zamani ukajitengenezea faharasa, kama ile iliyo nyuma ya kitabu: neno hili liko tangazo hili, hili na lile. Ukiuliza, unafungua faharasa tu. Sasa kama neno lako halimo, hata kama ndugu yake wa tumbo moja yumo, unajibiwa hakuna. Lazima mtu auambie kwamba hawa wawili ni ndugu. Maneno ndugu ya namna hiyo huitwa visawe, na jedwali la visawe ndilo lililokuwa shamba langu.

Mkurugenzi alinituma kwanza Muhuru Bay nikakusanye maneno. Nilikaa huko msimu mzima nikiumwa na mbu wakubwa kama kuku. Kila asubuhi nilishuka ufukweni, nikamnyoshea mama wa kwanza kidole kwenye karai lake: huyu mnamwitaje? Na wanunuzi wenu wa ng'ambo wanamwitaje? Nikarudi na mbuta ambaye kule Tanzania ni sangara, ngege ambaye kule ni sato, na marafiki wengi kiasi kwamba siku ya kuondoka gari lilishindwa kupita.

Huko ndiko nilikojifunza kwamba udugu wa maneno una njia mbili na una njia moja. Mbuta na sangara ni njia mbili: uliza huyu, upewe yule, na kinyume chake. Lakini ngege na samaki ni njia moja tu. Aliyeuliza samaki anaweza kuonyeshwa ngege asikasirike. Aliyeuliza ngege ukimletea samaki wote wa ziwa, atakutukana wewe na waliokuzaa. Ukiupa mtambo visawe vichache, unaacha samaki wengi majini. Ukiupa vingi mno, unakuwa wavu wa matundu madogo, unavua kila kitu pamoja na kandambili.

Halafu kulikuwa na sura za neno. Mtu anaandika *nauza*, mwingine *wauzaji*, mwingine *mauzo*, mwingine *inauzwa*. Kwa macho ya mtambo hayo ni maneno manne yasiyojuana. Tulikuwa na programu ya kumenya: inaondoa viambishi mbele na nyuma mpaka inafikia kile kipande cha katikati kisichobadilika, tunachokiita mzizi, halafu wote wanne wanaonekana kuwa wa nyumba moja. Jambo zuri, ila ile programu ilikuwa na tamaa. Ilipokutana na *kuku* ilidhani ule *ku* wa mbele ni kama wa *kuuza*, ikaumenya. Ikaona *ku* mwingine, ikaumenya pia. Mtu wa Awendo aliyetaka kuku akawa ameuliza hewa, na mtambo, kwa adabu, ukamletea kila kitu tulichokuwa nacho: matrekta, vyumba vya kupanga, na fundi wa meno. Nikaupa orodha ya maneno ambayo ni marufuku kumenywa, kuku akiwa wa kwanza kama rais.

Mambo yalikuwa matamu. Mkurugenzi alinisifu mbele ya wafanyakazi wa dukani. Mke wangu, Mama Beryl, alianza kunipa kiti chenye mto. Nami nikaanza kuamini kwamba ziwa lingekauka siku nikiugua.

Ndipo kampuni ikafungua ofisi Homa Bay, na ofisi hiyo ikapewa dada mmoja aliyeitwa Perez.

Nitamweleza Perez kwa haki, ingawa haki yenyewe inanikereketa koo. Alikuwa na digrii ya Nairobi. Alikuwa na dirisha linaloangalia ziwa, wakati langu liliangalia ukuta wa posho mill, mashine ya kusaga unga. Alikuwa na feni. Alikuwa na kikombe chake mwenyewe, na hakuna aliyethubutu kukitumia. Nilipokwenda kumsalimu mara ya kwanza niliviona vyote hivyo kabla sijauona uso wake, na nilivihesabu kama polisi wa kizuizi cha barabarani.

"Karibu, Jaduong'," akaniambia. Jaduong' ni mzee, na wakati huo sikuwa na mvi hata moja. "Nimesikia jedwali lako ni kubwa sana."

"Ni kubwa, nyar Homa Bay. Nimelijenga kwa mikono." Nyar ni binti wa; sikutaka kuzidiwa kwa vyeo.

"Pole na kazi," akasema.

Pole! Mtu ananipa pole kama nimechimba choo!

Akanieleza njia yake. Yeye hakuuliza mtu yeyote chochote. Aliuachia mtambo usome matangazo yote na kuangalia kila neno linakaa na majirani gani. "Maneno ni kama watu, Jaduong'. Ukitaka kujua ukoo wa mtu, angalia anakaa na nani." Omena anakaa na gunia, kavu, kilo, jua. Dagaa anakaa na gunia, kavu, kilo, jua. Basi mtambo unajiamulia wenyewe kwamba hawa ni ndugu. Zaidi ya hapo, aliuagiza uangalie vidole: mtu akishaandika neno hili, anagusa tangazo gani?

Akabonyeza. Kwenye kioo chake wakatokea omena na dagaa, wameshikana mikono. Mbuta na sangara. Ngege na sato. Msimu wangu mzima wa mbu, yeye aliumaliza kati ya chai ya asubuhi na chakula cha mchana.

Nilirudi Migori na wivu uliojaa kifua mpaka vifungo vya shati vikalalamika. Nikamwambia Mama Beryl kuhusu dirisha. Nikamwambia kuhusu feni. Nikamwambia kuhusu kikombe.

"Baba Beryl," akasema mke wangu, "huyo Perez unamtaja kuliko unavyomtaja Mungu."

"Mungu hajachukua kazi yangu."

Na kweli kazi ilikuwa hatarini, maana mwezi huo huo Mkurugenzi alitangaza kwamba kampuni inaanzisha Kitengo cha Maneno. Kitakuwa na Mkuu mmoja, na yule mwingine atakuwa naibu wake. Mimi nilikuwa nimeshawatangazia wenzangu wa ngumbaru, kwaya ya kanisani na kinyozi wangu kwamba Mkuu ni mimi. Mama Beryl alikuwa ameanza kuniita mezani: "Mkuu, ugali unapoa." Ningerudije nyuma?

Mungu akanipa furaha moja. Mtambo wa Perez, kwa kuangalia majirani, uliamua kwamba *nauza* na *nanunua* ni ndugu wa damu. Si ajabu: anayeuza ng'ombe anataja ng'ombe, bei na soko, anayenunua anataja hivyo hivyo. Majirani ni walewale, nia ni kinyume kabisa. Kwa hiyo mtu aliyekuwa anatafuta mnunuzi aliletewa wauzaji wenzake. Siku moja ya soko wenye mafahali walikutana Migori, kila mmoja na kamba mkononi, kila mmoja akimngoja mwenzake atoe hela. Walitazamana mpaka mafahali wakaanza kusalimiana.

Niliagiza soda. Nilipoimaliza nikaagiza nyingine.

"Umefurahi, Zedekia," Mkurugenzi akaniambia.

"Nimehuzunika sana, Mkurugenzi."

"Basi futa hiyo huzuni mdomoni. Mtakwenda Sindo wote wawili. Mmoja na simu yenye jedwali lake, mwingine na simu yenye majirani zake. Tuwape akina mama wa ufukweni watafute wanachotaka. Simu watakayokataa kuirudisha, mwenyewe ndiye Mkuu."

Sindo tulifika na Mkurugenzi wakati ziwa limefungwa kwa omena, ile miezi ambayo serikali inakataza kuvua omena ili wazaliane. Mitumbwi ya omena ilikuwa imepinduliwa mchangani. Akina mama walikuwa wamekaa kwenye banda la kupimia samaki, wengine wanasuka nywele, na walipotuona na simu mbili mpya walisogea kama tumeleta harusi.

Nilianza kwa kishindo. Mama mmoja aliandika *sangara*, simu yangu ikamletea mbuta wote wa Mbita. Mwingine akaandika *wanaonunua ngege*, simu yangu ikamenya, ikachambua, ikaleta wanunuzi watupu, hakuna muuzaji hata mmoja aliyejipenyeza. Wakapiga makofi. Simu ya Perez nayo ilileta, lakini ilisitasita kwenye wanunuzi, ikachanganya wawili watatu.

"Ya huyu baba inasikia haraka," mama mmoja akasema.

"Inasikia kwa sababu imelelewa," nikamjibu, nikimtazama Perez. Alikuwa ametulia tu. Hata utulivu wake niliuonea wivu.

Ndipo akaja Min Akoth, yaani Mama Akoth, mama mnene mwenye sauti ya kuita feri. Wote walimpisha, maana yeye ndiye aliyekuwa akiongoza wachuuzi wa omena pale. Akachukua simu yangu, akaandika *omena*.

Simu yangu ikafanya kazi yake kikamilifu. Ikatafuta omena, ikatafuta dagaa, ikaangalia kama kuna tangazo hai, ikasema ukweli: hakuna kwa sasa.

"Eh," akasema Min Akoth. "Hilo si hata mimi najua? Ziwa limefungwa."

Akachukua simu ya Perez, akaandika neno lile lile. Nayo ikasema omena hakuna kwa sasa. Lakini chini yake ikaweka wakulima wa njugu wa Ndhiwa, mmoja baada ya mwingine, na bei za gunia.

Nilicheka. Nilicheka kwa sauti, nikapiga paja. "Njugu! Mama ameuliza samaki, anapewa njugu! Nyar Homa Bay, hata mtoto wa chekechea anajua njugu haina mapezi!"

Nilicheka peke yangu. Min Akoth alikuwa ameshaanza kumpigia mtu wa Ndhiwa, na wenzake walikuwa wamemzunguka wakinyosha shingo.

Mkurugenzi akamuuliza, "Mama, kwa nini njugu?"

"Baba, ziwa likifungwa, wateja wangu wa Migori mjini wakae wakinisahau? Akija mwingine akiwauzia kitu, ziwa likifunguliwa nitawapata wapi? Kwa hiyo nabeba njugu. Gunia ni lile lile, gorogoro ya kupimia ni ile ile, mlango ninaobisha ni ule ule. Sisi wote hapa tunafanya hivyo. Omena ikilala, njugu inaamka." Akanigeukia. "Wewe hukujua, Jaduong'?"

Sikujua. Nilikuwa nimewauliza akina mama wa ziwa zima wanamwitaje huyu samaki, na sikuwahi kuuliza asipokuwepo wanafanya nini. Lakini ngojeni: Perez naye hakuuliza! Hakuwahi kukanyaga Sindo kabla ya siku ile. Mtambo wake ulichungulia tu vidole vya akina mama wakati ziwa limefungwa, ukaona baada ya omena wanagusa njugu, ukaweka akilini. Hilo ndilo lililoniuma. Kushindwa na mtu aliyehangaika kuliko mimi ningevumilia. Nilishindwa na mtu aliyekuwa amekaa chini ya feni.

Jedwali langu lilijua neno lina maana gani. Wake ulijua mwenye neno anaelekea wapi. Wataalamu wanatenganisha visawe na maneno yanayohusiana, na tofauti yenyewe niliisoma siku ile kwenye mgongo wa Min Akoth, aliyekuwa anaondoka na simu ya Perez, akiwa amekataa kabisa kuirudisha.

Perez akawa Mkuu. Mimi nikahamishiwa Homa Bay kuwa naibu wake, na nilipewa meza iliyopakana na ukuta, ili niwe karibu na dirisha bila kuliona. Alipewa kiti kipya kinachozunguka. Sijawahi kusikia kiti kinachozunguka kwa majivuno kama kile.

Wiki yake ya kwanza alinijia na kikombe chake mkononi. "Jaduong', majirani zangu wanagombana. Bado wanadhani kuuza ni kununua. Jedwali lako linawatenganisha vizuri. Nipe niliweke juu ya mtambo, liwe kama askari."

"Ni amri au ni ombi?"

"Ni ombi."

"Ungeamrisha ningekataa," nikasema, nikampa.

Toka siku hiyo mitambo miwili ilifanya kazi pamoja: wake ukipendekeza udugu, jedwali langu likikataza ndoa zisizofaa. Ukaenda vizuri kuliko mtambo wowote kati ya Kisumu na Tarime, na hapo sijatia chumvi, labda kidogo. Lakini wivu haukupungua. Akipongezwa niliumwa na kichwa. Akipata likizo nilihesabu siku zake. Akinunua viatu, nilijua bei kabla ya mumewe. Tulifanya kazi hivyo mpaka mvi zangu zikakubali kwamba kweli mimi ni Jaduong'.

Siku ya kustaafu kwangu walinifanyia sherehe pale pale ofisini, soda, mandazi na keki yenye jina langu lililokosewa. Mkurugenzi, naye akiwa mzee, alitoka Migori kuja kusema maneno mazuri. Kisha akasimama Perez.

"Huyu mzee," akasema, "nimemwonea wivu miaka yote niliyokaa naye."

Nikadhani nimesikia vibaya. Nikaweka mandazi chini.

"Kiti ni changu, lakini watu ni wake. Mtu anatoka Muhuru Bay, anapita mlango wangu, anauliza, 'Zedekia yuko?' Wanamletea samaki. Wanamletea ndizi. Mimi miaka yote hii sijaletewa hata omena mmoja. Wakimtajia neno jipya anacheka, anaandika, anawauliza mama zao hawajambo. Mimi neno jipya naliona tu kama nukta kwenye kioo. Nilikuwa nafunga mlango nisiwasikie mkicheka."

Nikasogeza kiti changu mbele.

"Rudia," nikasema.

"Umesikia, Jaduong'."

"Kipaza sauti kilikwama."

"Hatuna kipaza sauti."

"Ndiyo maana. Rudia."

Akarudia. Akarudia na sehemu ya ndizi. Sijapewa zawadi nyingine ya kustaafu iliyofikia pale, na saa ya ukutani waliyonipa ilisimama kabla sijafika Rongo.

Sasa niko nyumbani, nje kidogo ya mji wa Migori. Perez naye amestaafu, na Kitengo cha Maneno hakipo tena. Mitambo ya siku hizi haimwombi mtu jedwali. Imesoma maandishi mengi kuliko watu wote waliowahi kuishi, na ukiiandikia kwa Kiswahili cha kuvunjika, na Dholuo katikati, na neno la vijana mwishoni, inaelewa. Niliijaribu. Niliiuliza mambo ya omena, dagaa, njugu na ziwa kufungwa, na ikanijibu kana kwamba ilizaliwa Sindo. Nikaionea wivu mpaka chai ikapoa. Kisha kitu kingine kikaniuma zaidi. Perez nilimwonea wivu, naye akafunga mlango wake kwa sababu yangu, tukawa sawa. Hii mashine nitaionea wivu mpaka nife, na hata siku moja haitafunga mlango.

Kwa hiyo huwa nampigia Perez simu. Juzi nilimwambia mahindi yangu mwaka huu yamepita paa la nyumba.

Akanyamaza kidogo. Nilikaa nikisikiliza ule unyamavu kama mtu anayesikiliza kwaya.

"Paa la nyumba gani, Jaduong'?" akauliza.

"Ya ghorofa, nyar Homa Bay."

"Mbegu ulinunua wapi?" akasema, na sauti yake haikuwa nzuri hata kidogo.